Kindi Aliyetwaa Ubingwa Hakuchaguliwa kwa Mapenzi

Agosti 2014, mjini Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini aliingia fainali ya ubingwa wa dunia wa Pokémon dhidi ya Mmarekani Jeudy Azzarelli. Kikosini mwake alikuwamo Garchomp, joka la nchi kavu lenye mapezi ya papa, na Gyarados, nyoka wa bahari ambaye kwa sura yake tu angewatimua wavuvi ufukweni. Alikuwamo pia Pachirisu, kindi mweupe mwenye mstari wa buluu mgongoni, mdogo wa kubebeka mkononi. Park alitoka hapo akiwa bingwa wa dunia, na jina lililobaki midomoni mwa watu likawa la kindi.

Tangu fainali ile Pachirisu amegeuzwa hoja. Mchezaji akiambiwa kwamba kiumbe wake kipenzi hafai mashindanoni, humtaja kindi wa Park: mbona yule alifika kileleni? Hoja hiyo inapendeza, na mchezo wenyewe umeichochea, kwani katika matoleo ya Gold na Silver ya 1999 yumo mhusika aitwaye Karen anayewahimiza wachezaji wajitahidi kushinda na wale wawapendao. Ni maneno matamu. Lakini anayekikagua kikosi cha Park kiumbe kwa kiumbe, kazi kwa kazi, anaona jambo tofauti kabisa na mapenzi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maelezo machache yatatosha. Pokémon ilianzia Japani Februari 1996, kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy, mikononi mwa Satoshi Tajiri na kampuni yake ya Game Freak. Ubingwa rasmi wa dunia wa mchezo wa vidio ulianza kuchezwa mwaka 2009, San Diego. Kila mchezaji huja na viumbe sita. Kabla ya pambano wapinzani huoneshana vikosi, kisha kila mmoja huteua wanne kwa siri, na wawili wawili husimama uwanjani kwa wakati mmoja. Kila kiumbe ana mapigo manne, kipaji kimoja na kifaa kimoja cha kubeba. Ndani ya kikosi kifaa hakirudiwi, na kiumbe wa aina moja hajirudii. Wachezaji hutoa amri kwa wakati mmoja bila kuonana. Ukihesabu namna za kuteua wanne kati ya sita, na kati ya hao wanne wawili wa kuanza nao, unapata njia 90 za kulianza pambano kwa kila upande, kabla hata ya pigo la kwanza.

Juu ya hayo kuna asili 18: moto, maji, umeme, chuma, mzimu na nyinginezo, kila moja ikiwa na anayeiumiza na anayeipuuza. Hapo ndipo kisa cha kindi kinapoanza kueleweka.

Wachezaji huupima uwezo wa kuzaliwa wa kiumbe kwa kujumlisha alama zake sita: uhai, shambulio, ulinzi, shambulio maalumu, ulinzi maalumu na kasi. Garchomp ana jumla ya 600, Gyarados 540. Pachirisu ana 405, na mashambulio yake yote mawili yameishia 45. Kwa hesabu hiyo pekee, kumpeleka fainali ya dunia ni kichekesho.

Mtazame Gyarados sasa. Asili yake ni maji na anga, na zote mbili huogopa umeme, kwa hiyo pigo la umeme humuumiza mara nne ya kawaida. Talonflame, ndege wa moto aliyekuwamo pia kikosini, huumizwa mara mbili. Mpinzani yeyote mwenye akili timamu angeelekeza umeme upande huo. Pachirisu anajua pigo liitwalo Follow Me, ambalo huyavuta kwake mashambulizi yaliyomlenga mwenzake. Ana pia kipaji kiitwacho Volt Absorb, ambacho huugeuza umeme unaompata kuwa tiba ya robo ya uhai wake wote. Umeme uliotumwa kumuua nyoka wa bahari uliishia kumnenepesha kindi.

Wapo viumbe wengine wanaojitwisha mapigo ya wenzao. Uyoga aitwaye Amoonguss ndiye aliyezoeleka kwa kazi hiyo, na jumla yake ni 464. Lakini msimu ule vikosi vya wapinzani vilijaa Talonflame, ambaye kipaji chake kilimwezesha kupiga mapigo ya anga kabla ya karibu kila mtu, na mapigo hayo humuumiza uyoga mara mbili. Kindi wa umeme huyapokea nusu tu. Zaidi ya hapo alibeba Nuzzle, mguso wa umeme unaompooza adui na kumwondolea kasi, na Super Fang, pigo linalokata nusu ya uhai alio nao adui bila kujali mng'ataji ana nguvu kiasi gani. Kwa Super Fang, zile alama 45 hazina aibu tena, kwa sababu haziulizwi. Pigo la nne lilikuwa Protect, la kujikinga.

Hiyo ni nafasi ya ajira iliyotangazwa, na mwombaji akaja na vyeti vyote. Mapenzi yangeweza kumleta kindi yeyote. Aliyemleta huyu, akiwa na mapigo haya manne, aliwasoma wapinzani kwanza.

Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na ile michezo ya vidio iliyozoeleka kwetu. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, ambako PlayStation na mpira wa miguu ndio wafalme, timu huikuta tayari. Unachagua Real Madrid au Manchester City, mechi inaanza, na ubishi unahusu nani ana vidole vyepesi. Kwenye Pokémon ya mashindano vidole havina kazi kubwa, kwani kila mtu hupewa muda wa kufikiri. Sehemu kubwa ya pambano imekwisha kuchezwa siku kadhaa nyuma, mtu akiwa peke yake na daftari, akiamua nani abebe nini na kwa nini. Anayeufurahia ubunifu wa kikosi atauona mchezo huu kuwa karamu. Anayetaka kubonyeza tu atachoka mapema, na hakuna ubaya.

Uamuzi mgumu zaidi hautazamwi na mtu yeyote jukwaani. Katika matoleo makuu ya mchezo, kila kiumbe ana alama 510 za mazoezi za kugawiwa, na sehemu moja haipokei zaidi ya 252. Maana yake ni kwamba mbili hujaa na ya tatu hupata makombo. Anayeanza hujaza shambulio na kasi, akaridhika. Mzoefu huuliza swali jingine: huyu lazima abaki hai baada ya pigo gani, kutoka kwa nani? Kisha hukokotoa. Madhara ya pigo hubadilika kwa bahati kati ya asilimia 85 na 100 ya nguvu yake, hivyo hutafuta kiwango kidogo kabisa cha ulinzi kinachostahimili hata ile asilimia 100, na ziada yote huipeleka kwingine. Mtazamaji anaona kiumbe amebakiwa na chembe ya uhai na kudhani ni bahati. Mara nyingi chembe hiyo ilipangwa.

Kasi inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayowapotezea wengi mapambano bila wao kujua. Garchomp amezaliwa na kasi ya 102. Kundi kubwa la viumbe mashuhuri, Charizard na Salamence wakiwamo, lina 100. Wakiwa kwenye kiwango cha 50 kinachotumika mashindanoni na wakifunzwa kwa kasi hadi mwisho, Garchomp hufika 169 na hao wengine 167. Pointi mbili tu. Lakini mchezo hauulizi umemzidi mwenzako kwa kiasi gani. Aliyetangulia ametangulia, na anayepigwa kwanza mara nyingi hapati nafasi ya kujibu. Wakilingana kabisa, kompyuta hurusha shilingi.

Kwa sababu hiyo karibu kila kikosi cha maana hubeba chombo cha kuitawala kasi. Upo upepo wa Tailwind, unaoizidisha mara mbili kasi ya upande mzima kwa zamu nne. Ipo Trick Room, inayopindua utaratibu wote kwa zamu tano, mzito akatangulia na mwepesi akabaki nyuma. Kwa anayechagua Trick Room, ukosefu wa kasi huwa sifa: atatafuta wale wazito kuliko wote na kuwapunguzia kasi zaidi kwa makusudi. Mtu aliyezoea kuhesabu kasi kuwa neema tupu hushtuka anapoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza. Kikosi kisicho na jibu la swali la nani atatangulia hakina mpango, hata kiwe na majina makubwa kiasi gani.

Mfano ulio bora kuliko hata ule wa kindi, ingawa haukupendwa na wengi kama ule, ni wa San Francisco mwaka 2016. Sheria za mwaka ule ziliruhusu viumbe wawili kutoka kundi la wale wakubwa wa hadithi, wenye nguvu zinazozidi za wote. Wachezaji wengi walikimbilia ndoa moja: Groudon, mnyama wa ardhi na moto anayeleta jua kali kiasi kwamba mapigo ya maji huyeyuka angani, na Xerneas, paa wa ajabu ambaye akiachwa zamu moja ya kujiandaa hazuiliki tena. Mmarekani Wolfe Glick, aliyekuwa ameshindwa na Ray Rizzo kwenye fainali ya 2012, alifika na kikosi kilichokataa ndoa hiyo. Alikijenga pamoja na Markus Stadter wa Ujerumani, ambaye naye alifika nusu fainali.

Wakubwa wao walikuwa Kyogre, nyangumi wa mvua, na Rayquaza, joka la angani. Kwa haraka Kyogre anaonekana kuwa chaguo la hasara, maana jua la Groudon huyafuta maji yake. Lakini Rayquaza ana kipaji cha Air Lock: akiwa uwanjani, hali ya hewa haina athari. Jua linabaki picha tu, na maji ya Kyogre yanamfikia Groudon, ambaye katika umbo lake la kale huumizwa nayo mara nne. Kwa ajili ya Xerneas aliwekwa Bronzong, kengele kuukuu ya chuma, kwa sababu chuma ndicho adui wa asili ya paa yule. Na kwa mara nyingine mwenye maji alitafutiwa mlinzi wa umeme, safari hii Raichu, ambaye kipaji chake cha Lightning Rod huyavuta kwake mapigo ya umeme. Glick alimshinda Jonathan Evans katika fainali na kutwaa taji.

Tazama Park na Glick walivyofanana. Viumbe wao ni mbalimbali, lakini wote wawili walianzia kwa adui. Waliuliza meza ya pili italeta nini, kisha wakarudi nyumbani kutafuta wa kuijibu. Safu hii haioni njia nyingine ya kukijenga kikosi cha kushinda, na inamwona anayeanzia na orodha ya wenye nguvu kuwa amepotea sawasawa na anayeanzia na wapenzi wake.

Ushahidi mwingine ni Incineroar, paka wa moto aliyekuja na matoleo ya Sun na Moon ya 2016. Kasi yake ya kuzaliwa ni 60, na si muuaji wa kutisha. Hata hivyo ni miongoni mwa viumbe waliotumika zaidi katika historia ya mashindano haya. Akikanyaga uwanjani, kipaji chake cha Intimidate huwapunguzia wapinzani wote wawili nguvu ya shambulio. Pigo lake la Fake Out humfanya mmoja wao apoteze zamu. Kazi ikiisha anatoka, na baadaye anarudi kutisha upya. Anayehesabu vichwa vilivyoangushwa hatamwona. Anayehesabu zamu ambazo wenzake walipata nafasi ya kupumua, atamweka wa kwanza.

Basi kwa nini wengi wananakili? Kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu mashindano yenyewe yamekuwa wazi. Tangu enzi ya matoleo ya Scarlet na Violet yaliyotoka Novemba 2022, wapinzani katika mashindano makubwa hukabidhiana karatasi zinazoonesha mapigo, vipaji na vifaa vya kila kiumbe, na vikosi vya washindi hutangazwa hadharani. Mgawanyo wa alama za mazoezi hubaki siri. Kijana anaweza kukichukua kikosi cha bingwa leo jioni na kesho akashindwa nacho mara kumi, kwa sababu amechukua majibu bila kujua maswali. Sheria za viumbe gani waruhusiwe hubadilishwa hata katikati ya msimu, na kikosi cha kunakili hufa siku hiyohiyo. Kunakili kuna faida moja: mwondoe kiumbe mmoja, cheza bila yeye, uone ni pigo gani sasa linakuua. Hapo utakuwa umejifunza kwa nini aliwekwa.

Kuna jambo moja ambalo wenye mchezo wanastahili kulaumiwa kwalo. Kwa miaka mingi, mtu mwenye kikosi kizuri kichwani alilazimika kutumia saa nyingi kuwazalisha viumbe, kuwafunza na kuwatafutia vifaa kabla ya kukijaribu. Kazi hiyo haipimi akili ya mtu. Inapima nafasi aliyo nayo baada ya shule au kazi. Baadhi wakatafuta njia ya mkato na kuwatengeneza viumbe kwa programu za nje, kinyume cha kanuni. Mwaka 2023, kwenye ubingwa wa dunia wa Yokohama, ukaguzi uliwanasa wachezaji kadhaa wakaenguliwa, na mabishano yakazuka. Walioenguliwa walivunja kanuni iliyoandikwa, na hawakuonewa. Lakini kanuni inayomtaka mtu athibitishe uwezo wake kwa jasho lisilohusiana na ushindani inakaribisha uvunjaji. Kampuni yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana tangu Sun na Moon imekuwa ikipunguza mzigo toleo baada ya toleo. Imechelewa tu.

Suala hili linawagusa wasomaji wa huku kuliko inavyodhaniwa. Mashine za Nintendo ni nadra mitaani kwetu, na gemu zake si za bei ya mchezo. Hata hivyo upo uwanja wa mazoezi usiolipiwa, Pokémon Showdown, ulioanzishwa 2011 na unaofunguka kwenye kivinjari cha simu ya kawaida. Hapo hakuna kuzalisha wala kufunza. Unaandika kikosi, unagawa zile alama 510 utakavyo, na ndani ya dakika unapambana na mtu aliye Brazili au Japani. Mabingwa wenyewe huvifanyia majaribio vikosi vyao humo. Kijana wa Mbagala au Kisauni mwenye bando la kawaida anafikiri kwenye uwanja ule ule wanaofikiria wao, ingawa kila kitu kimeandikwa kwa lugha zisizo Kiswahili.

Februari 2025 ilitangazwa Pokémon Champions, mchezo wa mapambano matupu uliolengwa kwa mashine ya Switch na kwa simu. Hatua ya kuingia kwenye simu ni nzuri. Lakini tiketi ya ubingwa wa dunia hutafutwa kwa alama zinazokusanywa katika mashindano rasmi, na yale makubwa ya kimataifa yamekuwa yakiandaliwa Ulaya, Amerika Kaskazini, Amerika ya Kusini na Australia. Afrika haijawahi kuandaa hata moja. Mwaka 2018, huko Nashville, Paul Ruiz wa Ecuador alitwaa ubingwa wa dunia akitoka nchi ambayo wachache waliitarajia, na alifika pale kwa sababu kanda yake ilikuwa na mashindano ya kumpa alama. Kama simu sasa ni uwanja halali, waandaaji hawana sababu ya kukosa kufungua mchujo wa mtandaoni kwa wachezaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura, wenye nafasi za kwenda kwenye ubingwa wenyewe na nauli ya kuwafikisha.